Kelele za Bi Maswali

Kijiwe chetu ni benchi moja refu, jiko la Mama Birika na meza yangu ya kushonea viatu. Mbele yetu, ng'ambo ya barabara, umesimama ukuta wa chuo cha biashara. Hapa hakuna mtu mwenye jina. Ukikaa tu, kabla kikombe cha kwanza hakijaisha umeshapachikwa la kijiweni, na lile ulilopewa na wazazi unabaki kulitumia huko benki. Sindano ni fundi cherehani. Breki anatengeneza baiskeli, na mdomo wake ndio kitu pekee alichoshindwa kukifunga breki. Waziri alikuwa karani, akastaafu, sasa anasimamia wizara zote. Mimi wananiita Gundi. Halafu yupo Bi Maswali, binti wa chuoni aliyekuja mwaka jana kutufanyia utafiti: kwa nini mtu ananunua kikombe kimoja anakaa mpaka jua linageuka, na kwa nini akiondoka anarudi hapa hapa. Leo chuo kinatoa tuzo kwa walimu, wafanyakazi na wanafunzi waliofanya vizuri, naye yumo. Jana alipita kutuambia. Kuingia ni kwa kadi, kwao ni mbali, hakuna ndugu atakayefika. "Spika zitasikika mpaka hapa," alisema. "Jina langu likitajwa, nisikie japo mtu mmoja akipiga kelele. Msiniangushe jamani." Tukamwapia. Basi tangu asubuhi tumekaa, hakuna aliyegusa kazi, na Sindano amevaa koti.

SINDANO: Nataka ieleweke mapema. Ile tuzo, nusu yake ni yangu.

BREKI: Nusu ipi? Ya juu au ya chini?

SINDANO: Aliniuliza kwa nini wateja wangu wanangojea nguo zao hapa, si dukani kwangu. Nikamwambia dukani hamna pa kukaa. Unaona? Hiyo ni hoja. Utafiti mzima umesimama juu ya hoja hiyo.

BREKI: Wanangojea hapa kwa sababu nguo zako haziishi. Wangengojea dukani wangezeeka.

WAZIRI: Ninyi hamjui mambo haya yanavyokwenda. Utafiti ukishinda unaingia kwenye jarida. Jarida linasomwa na wataalamu wa dunia nzima. Sasa hivi tunavyoongea kuna bwana mmoja, nchi ya baridi, amevaa soksi mbili mbili, anasoma habari za benchi hili.

BREKI: Anasoma habari zangu?

WAZIRI: Zangu kwanza. Mimi nilihojiwa siku nyingi kuliko wote.

MAMA BIRIKA: Ulihojiwa siku nyingi kwa sababu kila akitaka kuondoka unamshika mkoba.

BREKI: Mwakani watafungua kitivo hapa, mtaniambia. Kitivo cha Kijiwe. Mimi nitafundisha somo la kungojea mteja. Uzoefu ninao.

WAZIRI: Kitivo ni kidogo. Watakuja na mashine, watalinyanyua benchi lote zima na sisi juu yake, watupeleke tukaonyeshwe kwenye mkutano wa wachumi.

MAMA BIRIKA: Walinyanyue na nani? Hilo benchi ni langu. Ninyi mkitaka kwenda kuonyeshwa, mtakwenda mmesimama.

Spika zikakoroma, zikapiga mluzi, tukanyamaza. Walianza na walimu. Mhadhiri wa uhasibu alikuwa ametoa kitabu juu ya kodi, na ndani kukalipuka vigelegele mpaka njiwa wakaruka juu ya ukuta.

BREKI: Kitabu cha kodi ndicho kinashangiliwa hivyo?

WAZIRI: Hao ni mke na wakwe. Hawajakisoma.

Akafuata mhadhiri wa masoko aliyepata udaktari, nyuma yake mwingine aliyechaguliwa kwenye bodi fulani yenye jina refu kuliko lake. Wakaja wafanyakazi: mkutubi aliyeipanga maktaba upya, na mpishi wa bwenini, ambaye nadhani alishangiliwa kuliko walimu wote kwa pamoja. Kila aliyetajwa alikuwa na watu wake, unawasikia kabisa: huyu ana shangazi mwenye sauti, yule ana kaka zake wa kupiga miluzi.

Katikati ya hapo akaja dereva wa lori lililoleta viti vya sherehe. Amemaliza kushusha, anatafuta kahawa. Breki akambatiza Viti kabla hajaketi vizuri.

VITI: Mbona mmejipanga hivi? Mnamngojea nani?

Tukamweleza, wote kwa mpigo. Binti yetu huyo, utafiti juu yetu huo, jina likitajwa tunapasua mbingu. Akafurahi kweli. Akanywa funda moja.

VITI: Hongereni sana. Anaitwa nani?

SINDANO: Bi Maswali.

VITI: Sasa kwenye spika watasema Bi Maswali?

Breki akafungua mdomo, akaufunga. Sijawahi kuona kitu hicho.

SINDANO: Waziri, wewe ndiye ulihojiwa siku nyingi.

WAZIRI: Nilihojiwa. Sikuhoji.

SINDANO: Mama Birika?

MAMA BIRIKA: Mimi namwita mwanangu, anaitika. Ningemwita nini tena?

SINDANO: Gundi, si ulimshonea viatu?

Nilimshonea, tena mara nyingi, na kila mara aliniuliza mke wangu anaendeleaje na mguu. Mwaka mzima amekunywa kahawa ubavuni mwangu, mimi sikuwahi kumuuliza hata swali moja. Niliona aibu, sitaki kuificha.

VITI: Si mbaya. Wakitaja utafiti wa kijiwe mtajua ni yeye.

Kama vile alisikiwa. Spika ikasema sasa ni zamu ya wanafunzi, nao ni wengi, kwa hiyo kwa kuokoa muda yatasomwa majina tu.

WAZIRI: Muda gani huo wanaokoa? Kitabu cha kodi si walikieleza mpaka jalada?

MAMA BIRIKA: Acheni maneno! Mtoto yuko mle ndani ametega masikio. Tunafanyaje?

BREKI: Tunashangilia wote.

SINDANO: Wote nani?

BREKI: Kila jina. Wakitaja mia, tunashangilia mia. La kwake likiwa humo, tumelipata.

Kwa mara ya kwanza Breki alisema kitu, na wote tukakubali. Likatajwa jina, tukapiga kelele. Likatajwa la pili, Mama Birika akatwaa mfuniko wa sufuria na mwiko, akaanza kuutwanga. Sindano akavua koti akawa analipunga. Waziri, mtu mzima na heshima zake, akapanda juu ya benchi. Wapita njia wakasimama, wengine wakaanza kushangilia pamoja nasi bila kujua harusi ni ya nani. Mlinzi wa chuo akatoa kichwa getini, akatutazama, akakirudisha ndani. Hata Viti alikuwa akipiga miluzi, maskini, na lori lake kaliacha limewashwa.

Tulifika mahali sauti zinakatika. Sindano akawa anashangilia kwa mikono tu. Tukanyamaza kidogo kuvuta pumzi, na hapo ndipo tukasikia. Ndani walikuwa wakipiga makofi ya adabu tu, pa, pa, pa. Hakuna shangazi wala mluzi. Mama Birika akanishika mkono, kucha zikaingia.

MAMA BIRIKA: Huyu hana mtu. Ndiye!

Jamani, tulipiga kelele. Sijui zilitoka wapi. Breki aliyumba akakumbatia nguzo ya umeme, Waziri alilia waziwazi juu ya benchi, mfuniko wa Mama Birika ukapinda. Spika ikacheka, mshereheshaji akasema inaonekana kuna wageni wetu huko nje, kisha tukasikia kipaza sauti kikipokewa.

"Wale ni wa kwangu," sauti ya Bi Maswali ikasema. "Nilijua hawataniangusha."

Akatushukuru mmoja mmoja. Akatutaja kwa majina yetu yale ya benki, mpaka na ukoo. La kwanza lilikuwa langu, nikakaa chini bila kupenda. Likaja la pili.

BREKI: Huyo naye ni nani?

Sindano, hana sauti, akainua mkono.

VITI: Sasa la kwake mmelisikia?

Hakuna aliyelisikia. Lilipotajwa sisi tulikuwa bado tunamshangilia aliyetangulia.

WAZIRI: Akija tumuulize.

SINDANO: Muulize wewe.

WAZIRI: Nimuulizeje, baada ya kulia vile?

MAMA BIRIKA: Amuulize Viti. Yeye mgeni, kwake si aibu.

Tukashukuru Mungu kwa kumleta Viti. Punde geti likafunguka, Bi Maswali akavuka barabara mbio, tuzo kwapani, viatu nilivyomshonea mkononi. Alitukumbatia wote, na Sindano mara mbili kwa ajili ya koti. Tukamkonyeza Viti. Akasimama, akajifuta mkono kwenye suruali, akampa.

VITI: Hongera sana, dada. Samahani, mimi mgeni hapa. Unaitwa nani vile?

Bi Maswali akacheka kwa furaha, akatufungulia mikono sote pale benchini.

BI MASWALI: Waulize hawa. Hawa ndio ndugu zangu.

Viti akatugeukia. Sote tukainamia vikombe, na vilikuwa vitupu. Mama Birika akaliinua birika, akalitikisa. Halikutoa hata tone.