Siku Niliyomfungia Mama

Ndugu zangu, mimi si msemaji. Nimeandika kwenye karatasi nisije nikajipamba mbele yenu. Wenzetu mliotoka Maungu hamjui habari hii, kwa hivyo naanza mwanzo.

Mama yangu amezeeka na akili inampotea. Akitoka nje anaelekea shamba lake la zamani chini ya mlima, mahali ndovu wanapita. Mimi ndiye nimebaki naye. Dada yangu yuko ng'ambo, ameajiriwa kutunza wazee. Simlaumu. Ningepata nafasi hiyo, nadhani ningeenda pia.

Sasa, hapa tunapaliliana mashamba kwa zamu. Nilianza kukosa zamu, nikasingizia mgongo. Niliona aibu kusema mama anajisaidia kitandani. Mlinung'unika, na mlikuwa na haki, kwa sababu hamkujua. Basi siku moja nikamfungia ndani kwa kufuli, nikaja kupalilia. Mlinisifu siku hiyo.

Niliporudi nilimkuta sakafuni nyuma ya mlango, kucha zinatoka damu. Hakukasirika. Aliniuliza kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, "Mama, nimekosa nini?"

Mama aliniita mimi mama. Nawaambia, niliketi pale chini nikashindwa hata kumwosha.

Jioni dada akapiga simu. Nilimwambia yote nikingoja matusi, lakini alilia. Alisema kila siku anaosha mama za watu, na wake hamfikii. Kisha akauliza, "Huku nikimaliza masaa yangu, mwenzangu anashika. Wewe unapokezana na nani?"



Wiki iliyofuata zamu ilifika shambani kwangu. Mlikuja na majembe, nikawaambia palizi iacheni, nipeni mtu wa kukaa na mama. Mmoja wenu akacheka: "Kazi ya kukaa? Hiyo naiweza kuliko nyinyi wote." Akaweka jembe chini, akaingia. Tangu hapo, kila zamu mmoja wenu anakaa naye.

Sitadanganya kwamba mama amepona. Anazidi. Jumapili alinifukuza akidhani mimi mwizi. Kuna siku naomba Mungu amchukue, halafu naomba msamaha. Sijui kama huu ni ushindi.

Asanteni mliokaa naye, hata yule aliyekaa mara moja akasema hawezi tena. Alisema ukweli. Asante dada yangu. Somo langu ni dogo: ukiwa na mgonjwa wa namna hii, sema kabla hujamkosea. Mimi nilichelewa.

Na kesho tunapalilia kule juu. Nitakuja. Ila bado sina wa kubaki na mama, ndugu zangu. Naomba mmoja.