Miaka Ishirini na Sita ya Kukataa Sabuni Mbaya

Bi. Rodah Chepkosgei atastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kulitumikia duka la Mng'aro Vipuri, hapa mjini Sotik, kwa miaka ishirini na sita na miezi minane. Alianza kazi mwezi wa Machi 1999. Alipoingia walikuwa watu wawili, yeye na mwenye duka. Sasa tuko saba.

Kazi anayoiacha wazi si ya kuuza, maana sote tunaweza kuuza. Yeye ndiye alikuwa anaamua ni sabuni gani, polishi gani na kitambaa gani kitaingia dukani, na kipi kitarudi na aliyekileta. Tangu Januari, alipotangaza kwamba mwaka huu ni wa mwisho, swali dukani limekuwa moja tu: ni nani atakayewaambia mawakala hapana? Mrithi wake alichaguliwa mwezi wa Juni. Ni Bw. Kipyegon, na wote wanaomjua Kipyegon walishtuka kidogo. Sababu itaelezwa.

Mwenye duka ni Mzee Zacheus Wambugu, ambaye wazazi wake walihamia Sotik kutoka Nyeri. Mwaka ule wa 1999 aliuza vipuri tu: plagi, taa, breki na mikanda ya injini. Vitu vya kusafishia gari vilikaa kwenye rafu moja karibu na mlango. Palikuwa na sabuni ya unga, sponji, na mikebe michache ya polishi iliyoshika kutu. Bi. Rodah aliajiriwa kufagia na kupika chai. Alikuwa amesoma hadi kidato cha pili huko kwao Kimulot. Kila alipopangusa ile rafu alisoma maandishi yaliyo nyuma ya mikebe, na kabla ya mwaka kuisha yeye ndiye aliyekuwa akiwajibu wateja wa rafu hiyo. Leo rafu hiyo ni nusu ya duka.

Wateja wapya huchukua muda kuamini kwamba hajui kuendesha gari. Dereva mmoja wa lori la majani chai kutoka Mogogosiek alimwambia, watu wakiwa wamejaa kwenye kaunta, kwamba yeye hawezi kufundishwa kuosha gari na mama anayekuja kazini kwa miguu. Bi. Rodah hakuinua macho.

"Na daktari wa ng'ombe ana pembe?" aliuliza.

Dereva huyo, Bw. Benard Kiplimo, bado ni mteja wetu, na ndiye anayependa zaidi kusimulia kisa hiki.

Alichojua Bi. Rodah ni magari ya huku kwetu na shida zake. Hapa mvua hunyesha saa nane, jua kali likatoka saa tisa, na barabara za mashambani ni nyekundu. Gari linabeba majani chai asubuhi, watoto mchana na maziwa jioni. Kwa hiyo hakumwuliza mteja anataka nini. Aliuliza analala wapi, yaani gari, si mtu, na linapita njia gani. Aliyesema barabara ya lami alipewa sabuni ya gari na kitambaa. Aliyesema barabara ya udongo alipewa pia ndoo ya pili, moja ya sabuni na moja ya kusuuza sponji, kwa sababu mchanga ukirudi kwenye maji ya sabuni unakwaruza rangi kila unaposugua. Wengi waliona ndoo ya pili ni ujanja wa biashara. Aliwaambia wachukue ya nyumbani, bora ziwe mbili.

Maziwa yakimwagika kwenye buti alisema ni maji baridi kwanza, kabla ya sabuni yoyote, kwa sababu ya moto yanayapika humo ndani ya kapeti na harufu haitatoka hadi gari liuzwe. Sabuni ya kuoshea vyombo aliikataza kabisa, kwani inaondoa waksi yote pamoja na uchafu. Lakini vita vyake vikubwa vilikuwa dhidi ya mafuta ya kukamulia. Karibu kila boma huku lina mkebe wa mafuta hayo kwa ajili ya chuchu za ng'ombe, na watu wamezoea kuyapaka kwenye dashibodi na matairi ili yang'ae. Yanang'aa kweli, kwa muda wa kutoka nyumbani hadi barabarani. Baada ya hapo vumbi lote la njiani linakaa juu yake kama unga kwenye chapati. Bi. Rodah alimtambua mtu wa mafuta ya kukamulia kabla hajashuka garini.

Nyuma ya duka kuna boneti ya pikapu ya zamani, nusu nyeusi na nusu nyeupe, imelazwa juu ya mawe. Ameigawa kwa mistari ya rangi katika vipande vidogo, kwa hiyo sisi tunaiita shamba. Polishi au waksi mpya ikija, inapewa kipande chake, inaandikwa tarehe, kisha inaachwa kwa mvua na jua wiki tatu. Kila siku saa tano, baada ya chai, Bi. Rodah huenda kuangalia shamba lake. Wiki tatu zisipoisha, kitu hicho hakiingii dukani, hata kama wakala ametoka Nairobi.

Mara moja tu alivunja utaratibu huo, na yeye mwenyewe ameomba jambo hili liandikwe. Ilikuwa Desemba 2013. Wakati huo harusi ni nyingi, na kila mtu anataka gari ling'ae. Wakala alileta polishi kwenye pipa kubwa, Mzee Wambugu akalinunua lote, na Bi. Rodah akakubali siku tatu badala ya wiki tatu. Baada ya siku tatu kile kipande kwenye boneti kilikuwa kama kioo. Wakaanza kuuza.

Siku kumi baadaye, Alhamisi, alifika Mwalimu Nyang'au, anayeishi ng'ambo ya mpaka, upande wa Kisii. Gari lake jeusi lilikuwa na mabaka meupe kutoka boneti hadi buti, kama lililomwagiwa maziwa mala. Jumamosi lilikuwa limpeleke dada yake, Bochaberi, kanisani kuolewa. Mwalimu hakupiga kelele. Alisema tu kwamba mama yake ameliona na amekwenda kulala.

Nimesimuliwa kilichofuata na watu watatu, na wote wanakubaliana. Bi. Rodah alitoka nje, akagusa baka moja kwa kidole, akaenda nyuma ya duka kuangalia boneti. Kipande cha ile polishi kilikuwa na mabaka yale yale. Siku hizo za pilkapilka hakuwa amepita huko. Alirudi akamwambia mwalimu kwamba kosa ni lake. Ijumaa yote, tangu asubuhi hadi saa kumi na moja, waliisugua rangi ile pamoja kwa mkono, kipande kwa kipande, kwa dawa laini ya kuondoa mikwaruzo, kisha waksi. Bochaberi alifika kanisani kwa gari hilo.

Jumatatu Bi. Rodah alitaka pipa liondolewe. Mzee Wambugu alimkumbusha kwamba ni mteja mmoja tu aliyelalamika.

"Wengine hawajaangalia," alisema Bi. Rodah.

"Rodah, hilo ni pipa zima."

"Basi lisiondoke pipa, niondoke mimi. Chagua."

Aliweka funguo za duka kwenye kaunta, akaketi kwenye benchi la wateja. Alikaa hapo hadi saa saba. Wateja walipouliza bei aliwaambia kwamba leo yeye si wa hapa. Saa saba Mzee Wambugu alitoka ofisini, akampa funguo, na yeye mwenyewe akaliviringisha pipa hadi stoo. Wiki hiyo Bi. Rodah alizunguka Sotik, Mogogosiek na Kimulot akiwatafuta wote walionunua. Hakuwa na orodha. Alikumbuka magari yao.

Tangu hapo hakuna aliyebishana na wiki tatu.

Sasa Kipyegon. Amefanya kazi hapa tangu 2016, ni mchapakazi na anapendwa, na hawezi kumwambia mtu hapana. Mzee mmoja wa kanisa aliwahi kumwuliza kama dawa ya kung'arisha matairi inaweza kung'arisha na viatu. Kipyegon alisema inaweza. Jumapili hiyo soksi nyeupe za mzee zilikuwa nyeusi kabla ya mahubiri kuisha. Bi. Rodah alimtuma Kipyegon apeleke soksi mpya nyumbani kwa mzee, aombe msamaha kwa mdomo wake. Alirudi na lita mbili za maziwa aliyopewa, kwa sababu naye mzee alishindwa kumkasirikia. Bi. Rodah alisema hiyo ndiyo shida yenyewe.

Tangu Juni amemfundisha kila kitu. Kipyegon anaijua boneti, anajua kunusa sabuni yenye magadi mengi, anajua kitambaa kizuri kwa kukipitisha kwenye mdomo. Lakini kila alipokuja wakala, Kipyegon alimtazama Bi. Rodah, na Bi. Rodah akajibu.

Jumanne ya wiki iliyopita alikuja wakala, dada mmoja mwenye maneno mazuri, na chupa ya kupuliza. Alisema dawa hiyo inaosha na kupaka waksi kwa pamoja bila maji, unapuliza na kupangusa. Chupa ilikuwa ya kupendeza. Alisema maduka mengine yote yameshachukua, na bei ya ofa inaisha Ijumaa. Mzee Wambugu alimtazama Bi. Rodah. Kipyegon naye alimtazama Bi. Rodah. Alikuwa kwenye benchi akikunja vitambaa.

"Muulizeni Kipyegon," alisema. "Mimi hivi karibuni niko na ng'ombe zangu."

Kipyegon aliigeuzageuza chupa. Tulidhani tunajua atakachosema. Kisha aliuliza gari lenye tope linapanguswaje bila maji. Dada akasema, akicheka, kwamba la tope linasuuzwa kwanza.

"Huku gari ambalo halina tope ni lile limenunuliwa jana," alisema Kipyegon. "Wacha chupa moja. Rudi baada ya wiki tatu."

"Lakini ofa inaisha Ijumaa, kaka."

"Basi iishe."

Alisema polepole na jasho likimtoka kwenye paji la uso. Dada alimgeukia Mzee Wambugu, ambaye alisema naye amesikia wiki tatu. Mazungumzo yaliendelea, dada akiongeza zawadi ya fulana na kalenda, Kipyegon akirudia wiki tatu.

Bi. Rodah alimaliza kukunja kitambaa cha mwisho, akachukua mkoba wake na kusema anakwenda kunywa chai. Ilikuwa saa nne na robo. Kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kuondoka dukani wakala akiwa bado ndani.

Bi. Rodah, tunakushukuru kwa kila kitu ulichokataa kwa ajili yetu na kwa ajili ya wateja. Nenda nyumbani upumzike, mifugo yako istawi, afya yako iwe njema, na wajukuu wako wakuzoee kukuona mchana. Ukipita Sotik, ingia. Ukitaka kununua kitu ambacho hakifai, tutakuambia.