Ng'ombe wa Salimu na Nguvu ya Kuvuta

Kijiwe cha kahawa pale Soni kiko jirani na daraja, mahali ambapo malori ya kutoka Mombo hupozwa injini kabla ya kuendelea kupanda Lushoto. Mwaka ule kila kijiji kilihimizwa kulima shamba la pamoja, na kijiweni hapakusemwa kingine. Ila alasiri hiyo Salimu hakuwa na habari na shamba la mtu. Ng'ombe wake, aliyempa rafiki yake Yohane wa Vuga amtunze, alikuwa amezaa tangu juzi. Desturi yajulikana: maziwa ya mtunzaji, ndama wa mwenye ng'ombe, na mtunzaji huleta habari mwenyewe. Salimu alizipata sokoni, kwa muuza kabichi! Ilimuuma, maana yeye na Yohane walikuwa chanda na pete.

— Kesho alfajiri nakwenda na kamba, alisema. Namchukua ng'ombe na ndama wake. Urafiki basi.

— Pima kwanza, alisema Mwalimu Hezekia, ambaye kwa kufundisha kemia walimwita Atomu. Kila atomu ina nguvu yake ya kuvuta elektroni, na nguvu hiyo ina namba. Zikikutana mbili, toa ndogo kwenye kubwa. Tofauti ikiwa kubwa, mwenye nguvu ananyakua. Ikiwa ndogo, wanatumia pamoja.

— Mfano? Salimu aliuliza.

— Chumvi. Klorini tatu, sodiamu sifuri nukta tisa. Tofauti mbili nukta moja. Hapo kuna kunyang'anywa!

Mbaraka, aitwaye Redio kwa kutangaza asiyoulizwa, nusura amwage kahawa.

— Kumbe chumvi ni unyonyaji! Na tunautia kwenye mboga kila siku!

— Redio, tulia.

— Na maji je?

— Oksijeni tatu na nusu, hidrojeni mbili nukta moja. Wanashirikiana, ila oksijeni anavutia kwake kidogo.

— Basi maji ni kijiji cha ujamaa, na oksijeni ndiye mwenyekiti!

Salimu alicheka bila kupenda, kisha akakunja uso tena.

— Na mimi na Yohane?

— Rahisi, Redio akadakia. Yohane ana watoto saba wa kunywa maziwa, wewe wawili. Tofauti tano! Ndama keshanyakuliwa, yuko kijiji cha Mnazi kwa shemeji yake, keshabadilishwa hata rangi. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Methali hiyo imeingiaje hapa? Atomu aliuliza.

— Imeingia kwa miguu.

— Mwalimu, hesabu yako haikosei? Salimu aliuliza polepole.

— Hukosea. Ni makadirio tu. Ukitaka hakika, unakiyeyusha kitu chenyewe kwa moto, uone kama kinapitisha umeme; kikipitisha, kweli kuna kunyang'anywa.

Hapo akatokea Rahabu, mke wa Yohane, jasho likimtoka, kibuyu mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, walijibu wote.

— Shemeji Salimu, nimekuletea dang'a, maziwa ya kwanza ya ng'ombe wako. Yohane aliteleza akateguka mguu usiku ule ule wa kuzalisha, hakanyagi chini. Ndama ni jike. Yohane kila akisikia hatua mlangoni anadhani ni wewe. Na muuza kabichi katuambia habari unazo. Shemeji, Vuga si mbali. Mbona hukuja kumuuliza?

Atomu aliinamia kikombe chake. Salimu alipokea kibuyu kwa mikono miwili, na kwa aibu iliyomjaa akainuka amfuate Vuga, bila kamba.