Omagor Aliuliza Kabla ya Kuwasha Moto

Wasifu wa Austin Omagor Okiror, 9 Juni 1981 – 20 Februari 2025. Umesomwa na dada yake mkubwa, Perpetua Amoit, nyumbani kwao Kamuriai, Malaba, Jumamosi tarehe 1 Machi 2025.

Marehemu Omagor alizaliwa hapa Kamuriai, mtoto wa tatu kati ya watano wa hayati Mzee Gabriel Okiror na Mama Eucabeth Asekenye, ambaye mnamwona ameketi hapa mbele. Mimi nilikuwa na miaka saba. Ndiye mtoto wa kwanza niliyembeba mgongoni, na alikuwa mzito.

Alianza shule ya msingi mwaka wa 1988 na kumaliza 1995. Sekondari alimaliza mwaka wa 1999, baada ya kufukuzwa mara mbili kwa sababu ya karo. Mwaka wa 2001 aliingia chuo cha ufundi Kisumu akasomea friji na AC. Baba alimuuliza nani hapa Malaba atahitaji mtu wa kutengeneza baridi. Omagor alimjibu, "Baba, ngoja joto liongezeke." Alihitimu Novemba 2003.

Alianza kazi Kisumu kwenye viwanda vya barafu ya samaki, kisha mwaka wa 2006 akarudi nyumbani. Mwanzoni alitengeneza friji za hoteli ndogo ambapo madereva wa malori hulala wakingoja kuvuka mpaka. Baadaye watu wa Busia walipoanza kujenga nyumba kubwa na kuweka AC, wakamjua. Aliosha vichujio, akazibua mabomba ya maji yaliyovuja ukutani, akarekebisha hita za bafuni, akaondoa mashine zilizochoka na kuweka mpya. Kila mashine aliyohudumia aliiandikia ubavuni, kwa kalamu ya wino mzito, tarehe na aina ya gesi iliyomo. Watu walimcheka kwamba anaandika kama daktari. Alikuwa akisema, "Fundi atakayekuja baada yangu naye ana watoto."

Tarehe 15 Desemba 2007 alifunga ndoa kanisani, Sigalame, na Mercyline Mugeni. Mtakumbuka siku hiyo. Friji ya soda ilizima kabla ya wageni kula. Bwana harusi akavua koti, akampa bibi harusi pete amshikie, akalala chali nyuma ya friji na suruali yake nyeupe. Mchungaji alipouliza bwana harusi yuko wapi, Mercyline alionyesha miguu iliyochomoza nyuma ya friji. Dakika ishirini baadaye friji ilikuwa inanguruma, na picha zote za harusi zinaonyesha mgongo wenye vumbi. Mungu aliwapa watoto watatu.

Sasa nafika kwenye kifo chake. Watu wawili ninaowaheshimu wameniomba niruke sehemu hii. Wamesema matanga si mahali pake. Lakini imeshachapishwa, mnayo mikononi, na nitaisoma yote.

Kuna nyumba moja Busia, upande wa kuelekea Alupe, ambayo Omagor aliihudumia kwa miaka sita. Mwenye nyumba simtaji jina leo kwa sababu mawakili wamenikataza, si kwa sababu namheshimu. AC ya chumba chake cha kulala ilikuwa na miaka kumi na minne. Mara mbili Omagor alimwambia mashine hiyo imefika mwisho, aitoe aweke mpya. Mara mbili alijibiwa, "Ongeza gesi tu, boss." Agosti mwaka jana Omagor alimwambia wazi: kuna mafundi wanaojaza mashine kama hizi gesi ya kupikia, kwa kuwa ni rahisi na inapoza. Usikubali. Ukikubali, mimi siigusi tena.

Novemba, mwenye nyumba akamwita fundi mwingine. Akajaziwa gesi ya mtungi wa meko.

Jumanne tarehe 11 Februari alimpigia Omagor kwamba AC inapuliza hewa moto. Omagor alikwenda saa nne asubuhi. Yaliyotokea tumeelezwa na Phelister Amollo, aliyekuwa akifanya kazi katika nyumba hiyo na alikuwa mlangoni na mashuka mkononi. Phelister yuko hapa. Alipoteza kazi kwa kutueleza. Dada, asante.

Omagor alitazama ubavuni mwa mashine, akaona maandishi yake ya Agosti na hakuna mengine. Akauliza, "Mzee, kuna mtu ameguza hii mashine tangu niondoke?"

"Hakuna. Iko vile uliiacha."

Akaanza kutoa gesi iliyobaki, ili achomelee bomba lililovuja. Gesi aliyoiandika yeye haishiki moto. Akasimama, akanusa. "Mbona kunanuka meko?"

"Wamebadilisha mtungi jikoni sasa hivi. Itaisha."

Omagor alifungua dirisha. Alikaa kitandani, akangoja harufu iishe, hata akamuuliza Phelister habari za mama yake. Phelister alijua hakuna mtungi uliobadilishwa siku hiyo. Anasema alidhani bosi wake amechanganyikiwa tu, na hakuwa na mazoea ya kumkosoa mbele ya wageni. Harufu ilipopungua Omagor aliwasha moto wa kuchomelea. Gesi iliyokuwa imebaki ndani ya bomba ikamlipukia usoni na kifuani.

Alilazwa siku tisa. Madaktari na wauguzi walimpigania, na familia inawashukuru. Siku ya nne aliweza kuzungumza. Nilidhani atauliza habari za watoto. Alisema, "Dada, mimi niliuliza." Nikamwambia najua. Akarudia, "Mara mbili. Niliuliza." Alifariki Alhamisi tarehe 20 Februari, saa kumi na moja jioni.

Mwenye nyumba alimwambia polisi kwamba fundi alikuwa mzembe. Katika kitabu cha kituo imeandikwa hivyo: uzembe wa fundi. Mtu aliyeandika gesi kwenye kila mashine kwa miaka kumi na minane, kwa ajili ya mafundi asiowajua. Alhamisi wiki hii mwenye nyumba huyo alituletea shada la maua. Mama alilipokea kwa adabu, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Mimi nimelirudisha. Kama ametuma mtu kusikiliza hapa leo, amwambie kwamba hatukukasirika kwa sababu alitaka baridi. Tumekasirika kwa sababu aliulizwa swali rahisi, na jibu la kweli lilikuwa neno moja.

Na ninyi wenye AC mlioketi chini ya hema hili, mnaotafuta fundi wa haraka kila joto linapopanda: fundi akikuuliza kilichomo, mwambie. Ukiona aibu, mwambie hivyo hivyo na aibu yako.

Marehemu Omagor ameacha mama yake, Eucabeth Asekenye. Mke wake, Mercyline Mugeni. Watoto wake, Gabriel Okiror, Diana Asekenye na Quinton Oriokot. Dada zake, Perpetua na Scholastica. Ndugu zake, Emmanuel na Ojakol. Wapwa, wakwe, na wateja ambao wamekuwa wakinipigia simu wakilia.

Jumatatu saa tatu asubuhi, mimi, Mercyline na Phelister tutakuwa kituo cha polisi Busia na wakili, ili maneno yale yafutwe na ukweli uandikwe. Anayetaka kuja nasi aje.

Ndugu yangu, lala kwa amani. Hii iliyobaki tuachie sisi.