Gari la Baba Limepinda kwa Mkono Wangu

Kaeni chini, wanangu, na wewe mkubwa zima hiyo simu, kwa maana pumzi iliyonibaki si ya kugombania na simu. Juzi niliwasikia hapo sebuleni mkidhani nimelala. Mkubwa unasema gari la babu liuzwe, dada yako anasema litengenezwe, mkabishana weee, na hakuna hata mmoja aliyepiga hatua saba kuja kumuuliza mwenye gari. Mimi ni mgonjwa, sijawa kabati!

Jana mkaniongezea aibu nyingine. Mmemwita yule fundi rangi wa pale kona anayejiita Daktari, kajaza puti, ule udongo wa kuzibia mashimo, juu ya kutu, kapiga msasa, kapulizia nyekundu, nanyi mkanibeba na kiti changu hadi uani: "Baba, ona linavyong'aa!" Nikaligonga kwa kidole chini ya mlango. Chuma kizima hulia. Pale palitoa sauti ya ukuta wa udongo. Miaka arobaini na moja nimenyoosha bodi za magari, sikupitia chuo chochote, nimejifunza kwa kuunguza vidole, na sijawahi kumpakia mteja rangi juu ya kutu. Leo inafanyika uani kwangu, na wanangu mnapiga makofi! Mwambieni huyo Daktari akatibu kwake.

Lakini hasira hiyo ni ndogo. Iko kubwa nyingine, nimeishi nayo miaka kumi na tisa, na ndiyo sababu nimemwita baba yenu mdogo, huyo aliyeketi karibu na mlango na begi lake magotini kama mgeni, katika nyumba aliyosaidia kuipaua kwa mikono yake.

Sikilizeni. Gari lile baba yetu alituachia sisi wawili, si mimi peke yangu. Lilipoanza kuliwa na kutu chini ya milango tulibishana kama ninyi. Mdogo wangu akasema tungoje, tumtafute mtu anayeyajua haya magari ya paa la turubai. Nikamcheka, nikamwambia gari ni gari. Siku aliyosafiri nikaliinua kwa jeki, nikakata boriti zote mbili za chini ya milango, ya kulia na ya kushoto, kwa asubuhi moja, kama nilivyozoea. Wanangu, gari la kawaida ukilikata chini, paa la chuma hulishikilia. Lile halina paa la chuma; nguvu zake zote zilikuwa kwenye boriti nilizokata. Ilipasa kwanza nichomelee vyuma kwenye nafasi za milango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, ndipo nishike msumeno. Sikujua, na kiburi hakikuniacha niulize. Nikalisikia likishuka katikati, taratibu, kama mtu anayekaa kwa maumivu. Upana wa kidole kimoja tu. Tangu hapo milango haifungiki, ndiyo maana mmekua mkiiona imefungwa kwa waya.

Sasa sikieni uchafu wenyewe. Aliporudi nikamwambia mbele za wateja, "Umelivunja mgongo kwa simenti yako!" Kwa sababu wiki iliyotangulia alilipakia simenti ya ukuta wake. Akasema, "Kaka, ilikuwa mifuko minne." Nikamwambia nyamaza. Akachukua vifaa vyake, akaondoka kwenye karakana yetu. Na mimi ninayejisifu kwamba sijui kuzungusha maneno, nikauacha mtaa mzima umwite Simenti. Hata ninyi, Baba Mdogo Simenti, Baba Mdogo Simenti, mkicheka, nami nacheka nanyi. Mifuko minne haipindi gari! Nililijua hilo mchana uleule. Daktari kapaka puti yake siku moja tu. Mimi je?

Usinishike bega, binti yangu. Niache nimkasirikie anayestahili.

Basi amri yangu ni hii. Nusu ya gari ni ya baba yenu mdogo tangu zamani, na nusu yangu naiweka mkononi mwake leo. Akisema litengenezwe, litatengenezwa anavyotaka yeye, na wewe mkubwa utamshikia taa. Akisema liende kwa wanunuzi wa chuma chakavu, liende, na mnunuzi aambiwe limepinda, na nani alilipinda. Lile jina lisitoke tena kinywani mwa mtu wa nyumba hii. Na wale wateja wa zamani, mkikutana nao, waambieni.

Mmeona? Ameinuka. Ametoka na begi lake. Kaa, mkubwa, usimfuate! Mimi nilimtoa mbele za watu, yeye katoka kwa miguu yake... Nipeni maji. Kidogo tu.

Mungu awalinde, wanangu. Awape ujasiri wa kusema kosa siku ileile... msingoje kitanda kama hiki. Mpendane. Mkibishana, bishaneni mbele yangu... mbele ya kaburi langu, sawa, lakini kwa sauti.

Nyamazeni. Nini hicho, uani?

Nyundo. Ile ndogo, ya kichwa bapa... nilimpa mimi alipoanza kazi. Kumbe ndiyo iliyokuwa begini. Anabandua puti. Fungua dirisha, binti yangu. Lote. Kaanza upande wa kushoto... sawa... Vyuma vya kushikilia viko nyuma ya mlango wa stoo. Mpelekeeni. Mwambieni apime kwanza kabla ya...

Hapana. Msimwambie kitu. Anajua.