Masalu Ndalahwa, Dereva Aliyeshusha Wanaume kwenye Mvua

Na bado kuna mtu hapo nyuma ananong'ona kwamba marehemu alikuwa na dharau kwa abiria. Nimekusikia. Ngoja nimalize kusoma, halafu uniambie.

Masalu Ndalahwa, kaka yetu mkubwa, alizaliwa mwaka 1936 hapahapa Magu. Baba alikuwa mfugaji. Shule alisoma mpaka darasa la nne, wakamtoa akachunge. Kusoma alijua, hesabu hapana, na hakuwahi kujidai.

Mwaka 1958 alianza utingo kwenye malori ya pamba, akajifunza gari humohumo. Mwaka 1961 alimuoa shemeji yetu Getruda, wa Misungwi. Mwaka 1968 akapewa basi la Magu kwenda Mwanza. Wazee alikuwa anawaamkia shikamoo kabla hawajapanda, na gari haliondoki mpaka mama mwenye mtoto mgongoni apate kiti. Siku moja kuku wa mtu aliruka dirishani. Akasimamisha gari, abiria wote wakashuka kumkimbiza porini. Aliyemkamata ni yeye, suruali ikachanika.

Sasa ile ya Machi 1978. Basi lilijaa wanaume wanakwenda mkutano wa chama mjini. Karibu na Nyanguge, mvua inanyesha, Masalu akasimama akasema, "Wanaume wote shukeni. Utingo na wewe." Hakusema kwa nini. Akaondoka na wanawake wawili tu. Aliporudi kuwachukua hakukuta mtu, walishadandia lori. Walimshtaki, akaitwa ofisini. Alisema neno moja tu, dharura. Wakamwachisha kazi. Toka siku hiyo watoto wake wanaitwa watoto wa mshusha watu. Shemeji alipomuuliza, alijibu, "Mama Ngosha, ni mambo ya watu. Si yangu kuyasema."

Akarudi kwenye malori. Mwaka jana figo zikaanza kumsumbua. Alilazwa mara mbili, akavimba miguu, na maumivu hayo sitaki kuyasimulia. Alifariki Jumanne tarehe 12 Mei 1981. Amepumzika, na sisi tuliokuwa tunamuuguza tumeshukuru.

Lakini mnajua wenyewe, mpaka jana mchana hakuna mwanaume wa mtaa huu aliyeshika jembe kuchimba hili kaburi. Nilichimba mimi na mwanawe Ngosha, na matusi niliyotukana Mungu anisamehe.

Jana hiyohiyo akaja dada Kokushubira, huyu hapa mwenye mtoto. Ameshuka na meli kutoka Bukoba, akapita stendi kumsalimia Masalu, akaambiwa amefariki. Akaja moja kwa moja, akasema mbele ya wote kwamba siku ile alishikwa na uchungu ndani ya basi. Yule mwanamke mwingine alikuwa mama yake mzazi. Masalu aliwafikisha zahanati, na mtoto alizaliwa dakika hizohizo.

Mzee Chenge, aliyeongoza yale mashtaka, akauliza, "Sasa si angesema tu, tushuke kwa heshima?"

Kokushubira akamjibu, "Angesema mbele yenu baba, wanaume basi zima, mimi ningeficha wapi uso? Uchungu unatangazwa?"

Mzee Chenge akavua kofia. Shemeji yangu akacheka, halafu akalia, halafu akaomba chakula. Alikuwa hajala toka Jumanne. Mimi mwenyewe nililala kama gogo.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, mke wake Getruda, watoto watano ambao Ngosha ndiye wa kwanza, na sisi wadogo zake. Kaka, lala salama, hakuna tena wa kukuita ofisini.

Mlioshushwa siku ile mko hapa, nawaona, na wewe unayenong'ona ni mmojawapo. Makoleo yale pale. Njooni mfukie ninyi.