Mikono ya Mzee Albano

Mgeni rasmi, Daktari Raudha, bingwa wa ngozi. Viongozi wa mtaa. Ndugu wachongaji na wauzaji wa vinyago wa Mwenge,

MAKARIBISHO
Karibu sana. Utusamehe vumbi la mpingo kwenye kiti hicho. Tumelifuta mara tatu na bado linarudi. Furaha yetu kukuona tena haisemeki.

TULIKOTOKA
Wengi wetu hapa tulifundishwa kushika tezo na mtu mmoja, Mzee Albano wa Newala, yule pale nyuma mwenye kofia. Ukiharibu pua ya kinyago hakugombezi. Anakwambia, "Huyu kapata mafua," mnacheka, mnaanza gogo jingine.

KOSA LETU
Miaka miwili iliyopita mabaka meupe yalimtoka mikononi. Mbalanga. Wapo waliosema karogwa, wapo waliosema ukoma, na sote tukamtengea kikombe chake. Halafu, kwa kuwa sisi mti mweupe tukitaka ufanane na mpingo tunaupaka dawa ya viatu (mgeni rasmi, hilo liishie hapa hapa), tukampaka na yeye, wateja wasimkimbie. Mikono ikamvimba. Akasema, "Jamani, mie si gogo." Tangu siku hiyo anakula peke yake.

TULICHOJIFUNZA
Mwezi uliopita ulitueleza kwamba ndani ya ngozi zimo seli zinazotengeneza rangi, ndio wenyeji. Seli za kinga, ndio askari wa mwili, huweza kuwadhania wenyeji hao ni maadui, zikawavamia na kuwaua. Rangi ikikosa mtengenezaji, baka linatokea. Baadhi ya askari hubaki pale pale wakipiga doria, ndiyo maana baka hurudi tiba ikiachwa. Na ugonjwa huu hauambukizi kabisa.

Mwenzetu Stanley akakuuliza, "Kwa hiyo dokta, mwili unampiga mtu wake mwenyewe?"

Ukamjibu, "Ndiyo, tena asiye na kosa."

Tulitazamana, mgeni rasmi. Tuliona haya.

CHANGAMOTO NA MAOMBI
Changamoto yetu ni moja tu. Mzee Albano amefunga vifaa vyake, kesho anarudi Newala moja kwa moja. Hata leo amekuja kwa kuwa tulimdanganya kuna kikao cha vibanda. Ulisema dawa ya kupaka na mwanga maalumu huwarudishia rangi baadhi ya watu. Tunakuomba umwanzishie tiba. Kumsindikiza kliniki ni zamu yetu, tumeshapangana.

Ombi la pili si lako, utuwie radhi.

Mzee wetu, shikamoo. Tumekukosea. Wali umeiva, sinia ni moja, na hakuna atakayetia mkono kabla ya wako. Tunakupenda, baba. Usiondoke.

Mgeni rasmi, Mungu akuzidishie afya na subira ya kutufundisha watu wagumu kama sisi.

Ni sisi, Kikundi cha Wachongaji Shikamaneni, Mwenge. Imesomwa na Jovina, katibu. Wenzangu wote wamesimama, na hatuketi mpaka mzee aje mbele.